Mjane Aliyefunga Mto

Kila mtu kijijini Kaliwening, kisiwani Jawa, alikuwa na la kusema juu ya safari ya Tumirah, na hakuna aliyesema jema. Alikuwa mjane, mpika tempe ya maharage ya soya, mwenye wajukuu. Maishani mwake hakuwahi kupita soko la mjini. Sasa alitaka kupanda meli aende Maluku, upande wa pili wa Indonesia!

"Una ndugu huko?" aliuliza shemeji yake Darsono, mkuu wa kijiji.

"Sina."

"Una biashara?"

"Sina vilevile. Nakwenda kuona."

Darsono alicheka mpaka sigara ikamdondoka. "Jamani, bibi mzima na mvi zake anakwenda kuona! Shemeji, dunia ni ileile. Utarudi mikono mitupu kama ulivyokwenda."

Maneno hayo yalikuwa machungu kama shubiri. Tumirah aliyameza, akafunga mzigo wake akaondoka.

Melini, abiria walilala kwenye mikeka, bega kwa bega. Jirani yake alikuwa mkulima wa karafuu aliyeitwa Salomina. Alimkaribisha mkate wa sago, unga utokao katika shina la mti, na kabla ya kufika walikuwa wakiitana dada. Salomina akamchukua kwao.

Huko, Tumirah alisimama kwenye mlango wa mto akapigwa na butwaa. Samaki walikuwa wamejaa hata maji yakaonekana meusi, na hapakuwa na mtu aliyewagusa. Ukingoni palisimama nguzo iliyofungwa majani ya mnazi.

"Dada, ninyi hamli samaki?"

"Tunakula sana! Ndiyo maana tunawaacha wakue. Majani yale yakisimama, mto umefungwa. Mwaka jana mtoto wa mchungaji alitupa ndoana. Alifagia njia ya kanisa mwezi mzima."

Tumirah hakucheka. Aliukumbuka mto wa kwao, ambao vijana waliuingia kila asubuhi, betri mgongoni na nyaya mikononi, wakiupiga umeme mpaka mayai ya samaki yakafa. Wazee walisema samaki wamekwisha kwa kudra ya Mungu. Kudra! Hasira ikampanda kama maziwa yanayochemka. Mungu alisingiziwa uvivu wa watu.

Aliporudi, aliyasema yote kwenye mkutano wa kijiji.

"Hayo ni ya Wamaluku," Darsono akamkata. "Hapa ni Jawa."

"Kwani njaa huuliza kabila?"

"Safari ya bure imempa hadithi za bure!" mtu akadakia, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kesho yake Tumirah alikata makuti, akayafunga kwenye nguzo, akaisimika penye kina cha mto. Vijana walipofika na betri zao, wakiongozwa na Gunadi, mwana wa Darsono, waliyasukuma makuti kando. Tumirah hakubishana nao. Aliingia majini na nguo zake hadi kifuani.

"Mama mkubwa, toka! Umeme huu utakuua!"

"Washa!"

"Mama mkubwa, tafadhali..."

"Washa, Gunadi! Siku zote mnaua humu hata vilivyo mayaini, hamtetemeki. Leo mikono ina nini? Babu yako alivua humu kwa ndoana akamlea baba yako. Wewe na betri yako umemlea nani?"

Gunadi alizishusha nyaya. Wanawake waliokuwa wakifua waliacha nguo maweni, wakaingia mmoja mmoja, wakasimama kando ya Tumirah. Darsono aliitwa, akaja mbio akihema.

"Shemeji, unanitia aibu mbele za watu!"

"Aibu ni mkuu wa kijiji kula samaki wa kopo, na mto unapita nyuma ya jiko lake!"

Watu walicheka, na safari hii hawakumcheka Tumirah. Darsono aliyatazama maji, akawatazama wanawake waliolowa, na mkewe akiwa miongoni mwao. Akashusha pumzi.

"Gunadi, vua betri hiyo." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, wenzetu hufunga kwa muda gani?"

"Mpaka samaki wakue. Nitakwambia mimi."

Mto ulifungwa, masika yakapita. Wawili waliovunja amri walifagia njia ya msikiti, na mmoja wao alikuwa Gunadi. Siku ulipofunguliwa, nyavu zilipanda nzito na watoto walipiga kelele za furaha. Darsono mwenyewe alimletea Tumirah kapu la kwanza, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Tumirah alilipokea, lakini uso wake haukukunjuka. "Tumekula samaki wa kopo miaka yote hii," alisema, "kwa kuwa hakuna aliyetaka kuvuka hata kilima kile kuwauliza wengine wanaishije. Tulikaa tu, tukijisifu kwamba dunia ni ileile!"

Darsono aliinamisha kichwa. Wahenga walikwisha kumjibu zamani: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.