Kahawa ya Jamaa Moja

"Baraza ina kahawa, haina machela." Wanangu, mmelisikia neno hili mkacheka. Basi sikieni lilikotoka, kisha mcheke tena mkiweza.

Mtaa wa Chanoni palikuwa na baraza ya wanaume, jina lake Jamaa Moja. Babu waliianzisha, wana wakairithi, wajukuu nao wakarithi mikeka, bao na dele la kahawa. Sifa yao kubwa ilikuwa hii: hapana mwanamume aliyewahi kunyanyuka mchezo haujaisha. Mke akiwa na haja, asimame nje akohoe, angoje bao limalizike. Hiyo ndiyo waliyoiita heshima.

Alasiri moja Saumu, binti wa Mwanakombo, homa ilimpanda hata akaanza kukakamaa. Zahanati iko ng'ambo ya mto, na mtoto mwenyewe mkubwa, habebeki na mtu mmoja. Mwanakombo akaenda barazani, akakohoa. Akakohoa tena. Mumewe, Ngwali, alikuwa anatembeza kete, hakuinua uso.

"Shemeji, kifua hicho kifukize," alisema Bakuza, mkubwa wa baraza. Wenziwe wakacheka.

"Saumu ana degedege. Nataka wanaume wanne wabebe kitanda, kiwe machela yake."

"Umemsikia mkeo, Ngwali?"

"Nimemsikia. Namaliza, nakuja."

"Degedege huchomewa mavi ya tembo," Bakuza akasema. "Nyinyi wanawake mkiona homa mnaona kaburi. Nenda, mchezo umebaki kidogo."

Kidogo. Watu wazima na ndevu zao, wanaona haya kuvunja mchezo, hawaoni haya mtoto kukata roho. Mwanakombo aliita majirani, wanawake watatu, mmoja na mimba yake, wakajitwisha kitanda wakavuka mto maji yakiwafika kiunoni.

Saumu alipona, ila masikio yalikufa. Mpaka leo ukimwita hageuki.

Siku aliyorudishwa nyumbani, Jamaa Moja walikuja wote, kanzu safi, dele mkononi, kutoa pole. Ngwali akawatandikia mkeka. Mwanakombo akaukunja.

"Shemeji, usifanye hivyo," Bakuza akasema. "Sisi ni ndugu. Tangu enzi za babu baraza hii haijamtupa mtu."

Mwanakombo alimtazama yeye, kisha akamtazama mumewe.

"Rudini na dele lenu," alisema. "Siku ile sikuja kuomba kinywaji. Baraza ina kahawa, haina machela."