Mfereji Uliopinda wa Nyanjiga

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye usingizi akalale, mwenye masikio asogee motoni. Zama hizo samaki walisema na watu, na watu walikuwa na adabu ya kujibu.

Alikuwapo mwanamke, Nyanjiga, fundi wa mifereji ya mpunga. Alivuta kamba, akachimba, mfereji ukanyooka kutoka mtoni hadi shambani. Watu walimsifu, naye sifa alizipenda kweli kweli.

Ndiye aliyeongoza wenzake kujenga banio, ukuta wa mawe wa kuinua maji ya mto. Masika yalipofika, akamkuta samaki, ningu, chini ya ukuta, tumbo limejaa mayai, pua imechubuka.

"Nyanjiga, Nyanjiga, nipishe nipite! Nataga juu, sitagi chini. Mvua ikikatika, wanangu wamekwisha!"

Nyanjiga akaona huruma, akaona na haya. "Ngoja, mama. Nakuchimbia njia ya kuuzunguka ukuta."

Akavuta kamba, akachimba njia iliyonyooka. Maji yakashuka mbio, yakamrudisha ningu alikotoka.

"Nyanjiga, Nyanjiga, nipishe nipite!"

Akavuta kamba, akaipanua njia. Maji yakatandaa, yakawa haba, ningu akakwama mgongo nje.

"Nyanjiga, Nyanjiga, nipishe nipite!"

Mvua zikaanza kupungua. Nyanjiga akashika kamba mara ya tatu.

"Mama wee, iweke chini!" ningu akapiga kelele. "Uliona wapi mto uliopimwa kwa kamba?"

Nyanjiga akapanda ukutani, akautazama mto wenyewe. Unapinda, unagonga jiwe, unatulia kidimbwini, unaendelea. Akaitupa kamba. Akachimba kwa kupindapinda, akapanga mawe ya kuyapunguza maji kasi, akaacha vidimbwi vya kupumzikia. Mdomo wa njia akauweka pale pale chini ya ukuta maji yanaponguruma, maana samaki hufuata mkondo.

Shemeji yake, Magoti, akacheka hadi akakaa chini. "Shemeji, mfereji wako umelewa!"

"Umelewa, lakini nyumbani unafika."

Ningu akaingia. Akapanda, akapumzika. Akapanda, akapumzika. Akapanda, mkia ukapotelea juu ya ukuta! Nyanjiga akalia kwa furaha, matope hadi kiunoni. Kesho yake mvua ikakatika.

Masika mengine ningu walijaa mtoni, na wa kwanza kufika na tenga alikuwa nani? Magoti! Hakucheka tena, alikuwa na kazi ya kutafuna.

Na ile kamba? Nyanjiga anafungia mbuzi.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Maji yaende zake, nasi tukalale.