Kiti cha Sultani Chahamia Jikoni

Hapo zamani, enzi za watawala waliokula sifa kwanza ndipo wakala wali, palikuwa na Sultani katika mji wa Mtangani, jina lake Mwinyi Hatimu. Alipopita njiani, watumishi walimtangulia wakipaza sauti, "Simile! Simile!" na mji mzima ukampisha, hata mbuzi. Yeye mwenyewe tangu kuzaliwa hakuwahi kumpisha mtu.

Basi Sultani huyu akajenga nyumba mpya ya kukaa yeye na mkewe na wanawe, na jiko akalichora mwenyewe mchangani kwa ncha ya fimbo yake. Akataka liwe refu kama njia ya sokoni, maana alisema jiko fupi ni la maskini. Mafiga akayaweka mwisho wa mashariki, mitungi ya maji mwisho wa magharibi, na makasha ya mchele, chumvi na viungo akayapanga katikati, penye mlango, ili kila mgeni apitaye ayaone. Mawaziri wakasema, "Akili kama hii, Maulana, haijapata kuonekana!" Na kweli ilikuwa haijapata kuonekana.

Mpishi wa nyumba ile alikuwa Bi Tufaha, mjane wa makamo mwenye mkono mtamu. Mdogo wake, Chande, hakuwa na shamba wala kuku. Alishinda nyuma ya jiko akingoja ukoko ambao dada yake alimkwangulia chunguni, na kwa kuwa alikuwa akicheka peke yake, watu walimwita mpumbavu. Naye hakuwakatalia, maana mpumbavu hatumwi mbali.

Sasa msikilize maskini Bi Tufaha! Akiinjika chungu, aende magharibi kuteka maji. Akirudi, akumbuke chumvi, aende mlangoni. Akirudi tena, vitunguu vimeungua, naye aanze upya. Magoti yakamvimba, na ikawa kila siku wali unafika ukumbini umepoa, mafuta yameganda juu ya mchuzi. Siku moja Sultani akasukuma sinia akasema, "Bibi wewe, miguu yako mizito. Funga virago urudi kwenu."

Kwao wapi? Wazee wake walikwisha kufa, na nyumba ya marehemu mumewe walikwisha kuichukua shemeji zake. Alikaa juu ya kinu akalia kwa kwikwi, na Chande alipomwona, akauweka ukoko chini. Akaufuta mdomo, akaenda barazani, akapiga magoti.

"Maulana," akasema, "mstahimilie dada yangu hadi kesho. Kesho wali utakufikia kitini pako ukitoa moshi."

Sultani akacheka kwa dharau. "Ewe mla ukoko! Haya, na iwe. Ila jiko nililolichora usilibomoe hata jiwe, na dada yako asikimbie, kwani wapishi wangu hawakimbii kama kuku. Ukishindwa, mtafunga virago nyote wawili."

"Nimesikia na nimetii. Je, kuna jingine unalolikataza?"

"Hakuna."

"Mawaziri mmesikia?" Wakaitika kwamba wamesikia.

Kesho yake, jua lilipofika utosini, Sultani aliingia ukumbini na njaa yake, asikione kiti. Akanguruma, "Nani kaiba kiti changu?"

"Hakikuibwa, Maulana," akajibu Chande. "Kimetangulia kwenye chakula."

Sultani akaenda hadi jikoni, na kiti chake cha pembe hicho, kando ya mafiga, kinamsubiri. Alitaka kukasirika, lakini neno lilikwisha kumtoka mbele ya mashahidi, basi akaketi. Bi Tufaha akaepua chungu, akampakulia wali hapo hapo, nao ulitoa moshi hata ndevu zikamlowa. Sultani akatia tonge kinywani, akakunja uso.

"Hauna chumvi!"

Bi Tufaha akashika njia ya mlangoni, pole pole, akivuta magoti yake. Sultani akatazama moshi wa wali unavyopungua. "Hima, bibi!"

"Hakimbii, Maulana," Chande akamnong'oneza. "Wapishi wako hawakimbii."

Chumvi ikaja, tonge likamkaba, akataka maji. Bi Tufaha akaenda magharibi. Alipotokea na kata mkononi, Sultani alikuwa amekodoa macho kama chura, na wali umekwisha kupoa.

"Lahaula!" akafoka alipokwisha kunywa. "Mjinga gani kaweka maji kule na chumvi kule?"

Waziri mkuu akahesabu boriti za dari. Chande akainamisha kichwa kwa adabu nyingi, akasema, "Simjui jina, Maulana, ila fimbo yake naijua."

Sultani akaitazama fimbo iliyo mkononi mwake, akaificha chini ya kiti.

"Sogezeni!" akaamuru. "Moto uko kushotoni kwangu, na ukae huko huko. Leteni makasha mbele yangu. Mitungi, kulia! Kibao cha kukatia, hapa kati ya makasha na moto!" Akawa ananyosha mkono huku, ananyosha kule, na kila kitu anakigusa bila ya kuinuka. Akafurahi kama mtoto. "Na nyuma yangu pabaki wazi, sinia lipate pa kupita. Mnaona? Moto, chakula na maji vinanizunguka pande tatu!"

"Kama mafiga na chungu, Maulana," akasema Chande. "Matatu yanabeba, na palipo wazi ndipo panapopita kuni. Tumeshindwa nini siku zote kulijua hilo? Sasa tafadhali inuka, umpe mpishi nafasi yake."

Sultani akainuka, kiti kikatolewa, Bi Tufaha akaingia pale kati. Akageuka, akachota maji. Akageuka, akatia chumvi. Akageuka, akachochea moto. Magoti yake hayakusema neno, na machozi yakamtoka kwa raha. Muda si muda wali mwingine ukaiva, akaupakua kwenye sinia, akageuka kutoka nao.

Na pale penye uwazi, njia pekee ya kutokea, amesimama nani? Sultani mwenyewe, mikono kiunoni, anajisifia jiko lake.

"Simile!" akapiga ukelele Bi Tufaha, kabla hajajua anamwambia nani. "Simile, moto huu!"

Mawaziri wakafumba macho. Sultani wa Mtangani akaruka kando, mgongo ukagonga ukuta, sinia likapita likifuka moshi. Kisha tumbo likaanza kumtikisika, akacheka hata kilemba kikamwanguka.

"Bi Tufaha," akasema akipangusa macho, "virago vyako vifungue. Nje simile ni yangu. Humu ndani ni yako."

Chande alipoulizwa anataka tuzo gani, alisema anataka wali wa juu, kwani meno yamechoka na ukoko. Akapewa, akala hapo hapo. Nao urefu wote wa jiko uliobaki mtupu wakapewa wana wa Sultani kuchezea gololi, ila wakimsikia Bi Tufaha anakuja, baba yao ndiye wa kwanza kupisha.

Hekaya imeiva nami nimeipakua. Aliyesimama mlangoni na apishe, wenzake wale.