Simba wa Jumbe Hana Macho

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya mgonjwa. Mnataka hadithi ya bure, na hata kuitikia mnaona uvivu? Paukwa!

PAKAWA!

Haya. Hapo kale, kale ile ambayo fisi alikuwa bado anabisha hodi kabla ya kuiba, palikuwa na kijiji. Jina lake msiniulize. Watu wake wana wajukuu, na wajukuu wengine wamekaa hapa hapa wananitumbulia macho.

Katika kijiji hicho nyumba haikuwa nyumba mpaka ichorwe mnyama ukutani, kando ya mlango. Mnyama ndiye mlinzi. Ukiwa na chui, mwizi anaogopa. Ukiwa na chatu, mchawi anazunguka njia nyingine. Mwenye kinyonga, basi, huyo alikuwa anajaribu bahati tu.

Na mchoraji alikuwa mmoja, binti aliyeitwa Mashavu.

Mashavu alikuwa na mkono, jamani! Brashi yake ilikuwa kijiti kilichotafunwa ncha mpaka kikaota nywele. Udongo mwekundu aliufuata korongoni, mweupe mtoni, na weusi aliukwangua kwenye masizi ya chungu cha shangazi yake. Alikoroga kwa ute wa bamia, akachovya, akapaka. Chwa! Chwa! Chwa! Akichora nyuki, watu walijikinga uso. Akichora jogoo, majogoo wa jirani walikuja kupigana na ukuta, pu! pu! pu!, hadi mmoja akapinda mdomo.

Na akimaliza, alilipwa nini?

Vigelegele.

Msicheke! Ndiyo ilikuwa desturi. Mwenye nyumba anaita wanawake wa jirani, wanasimama mbele ya ukuta, lililililiii!, kisha kila mtu anakwenda kwake kula. Mfua majembe alipewa mahindi. Mkunga alipewa nguo. Mganga alipewa kuku, na mgonjwa akifa, mganga alipewa kuku wa pole. Lakini mchoraji? Ah, kipaji ni cha Mungu, walisema, hakilipiwi. Kana kwamba mkono wa mfua majembe ulitolewa na mjomba wake!

Walimjia hivi:

"Mashavu mwanangu, nichoree katwiga kadogo tu hapa. Wewe si unapenda?"

Mwingine: "Ukuta wangu uko njia ya kisimani. Watu wote watauona. Utajulikana!"

Na mwingine, huyu ndiye nisiyemsamehe hata leo: "Utachoka na nini? Si unasimama tu unapakapaka!"

Mashavu alikuwa na haya. Kwa hiyo alichora. Jioni alirudi nyumbani masikio yamejaa lililili na tumbo limejaa upepo.

Shangazi yake Havijawa ndiye aliyemlea. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na yote makali. Siku moja akabandika chungu mekoni, akamimina maji, maji yakachemka. Bwata bwata bwata.

"Mashavu! Leo umelipwa?"

"Nimelipwa, shangazi. Wamenisifu sana."

"Vizuri. Tia."

"Nitie nini?"

"Hizo sifa. Maji yamechemka. Tia sifa, nisonge."

Mashavu akakitazama chungu. Chungu kikamtazama. Bwata bwata.

"Na chungu chenyewe umekikwangua masizi mpaka kimekuwa cheupe! Majirani wananiuliza kama huwa napika. Niwajibu nini? Na kweli sipiki!" Shangazi akaunyoosha mwiko. "Sikiliza, mwanangu. Nakupenda. Lakini mvua za vuli zikianguka kabla hiyo brashi haijaleta mtama ndani ya nyumba hii, nitaichukua nijikunie mgongo. Nawe utakwenda kwa baba yako mkubwa, ukapalilie mpaka vidole visahau kupaka."

Mashavu akaificha brashi mgongoni. Kulima hakukuwa aibu. Lakini bila brashi alijiona kama mtu aliyekatwa ulimi.

Sasa ndipo anapoingia yule mwenye hadithi, ambaye hata leo tunamtaja kabla ya kula: Bibi Sikujua, mfinyanzi. Alikuwa mzee kiasi kwamba hata jino lake la mwisho lilikuwa limeota mvi. Ukimwuliza jambo, alijibu, "Mimi sijui." Halafu alifanya kitu. Na hicho kitu ndicho kilikuwa jibu.

Mashavu alimkuta uani anaupiga udongo, paf! paf! Kabla hajafungua kinywa kulia, akaingia Mzee Chande amekumbatia mtungi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Chande."

"Nimefuata kifuniko, Bibi. Leo asubuhi nimekunywa panzi."

"Kunde ziko wapi?"

"Nitaleta kesho."

"Basi na kifuniko kitakuja kesho. Kitapishana na kunde njiani."

"Bibi, panzi alikuwa mkubwa!"

"Mshukuru Mungu. Wengine hawapati kitoweo."

Mzee Chande akatoka na mtungi wake wazi, ananung'unika. Vumbi la miguu yake halijatua, huyo amerudi na kunde. Akapewa kifuniko. Akaenda zake anatabasamu.

Ndipo Mashavu akamwaga yake yote, na machozi juu. "Bibi, nifanyeje?"

"Mimi sijui," Bibi Sikujua akasema. Akaokota kifuniko kibichi, akawa anakigeuzageuza. "Mtungi nikiutoa pamoja na kifuniko chake, napewa asante. Nilijaza asante ghala nzima. Panya walizikataa. Wewe kifuniko chako ni kipi?"

"Mimi sina kifuniko, Bibi. Nachora wanyama."

"Aa. Basi mimi sijui. Nisogezee maji hayo."

Mashavu akaondoka amekasirika. Kifuniko! Kifuniko! Yeye ana njaa, ajuza anamwambia kifuniko! Njiani akasimama mbele ya ukuta wenye twiga wake, katwiga kadogo tu, karefu kuliko mwenye nyumba. Twiga akamtazama. Mashavu akamtazama twiga, yale macho makubwa yenye huruma. Akakumbuka kuwa alipomchora, watu walikaa kimya, kwenye miguu kimya, kwenye shingo kimya, "bado, bado," mpaka alipotia macho. Hapo ndipo vigelegele vilipopasuka.

"Alaa!" akasema Mashavu. Akacheka peke yake njiani, mbuzi wakamshangaa.

Siku hizo hizo Jumbe Mkwanda, mkuu wa kijiji, alikuwa anamwoza binti yake. Akamwita Mashavu barazani, mbele ya wazee.

"Nataka simba! Ukuta mzima! Wakwe wakija waseme, hapa pana mtu!"

Mashavu akapiga goti. Sauti ilitaka kukimbia, akaishika mkia. "Sawa, Jumbe. Simba ni mbuzi jike na pishi ya mtama."

Wazee wote wakakohoa kwa pamoja. Jumbe akacheka hadi kofia ikaanguka. "Mbuzi! Msikieni! Sawa, mwanangu, sawa, wewe chora tu."

"Mmesikia, wazee?"

"Tumesikia," wakasema, wakidhani ni mzaha.

Chwa! Chwa! Chwa! Manyoya ya shingo kama moto wa nyika. Chwa! Makucha. Chwa! Mkia wenye kishada. Jumbe akaita wanawake. Lililili... sauti zikakatika katikati.

"Mashavu. Huyu simba mbona hana macho?"

Mashavu alikuwa amekwisha kuchomeka brashi kwenye nywele. "Macho yake yamo zizini, Jumbe. Yatakuja na mbuzi."

Akapiga goti kwa adabu, akaenda zake.

Jumbe akavimba. Yeye, Mkwanda, atoe mbuzi kwa ajili ya matone mawili ya masizi? Thubutu!

Basi kijiji kikapata kazi. Watoto walimwegemezea simba fimbo ukutani, asijikwae. Kuku akatotoa chini ya kidevu chake. Mbwa mmoja, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumbwekea hata panya, alikuja mchana kweupe akamkojolea simba mguuni, taratibu, bila haraka. Na kila aliyepita alisalimu kama Mzee Chande: "Shikamoo, simba! Ni mimi Chande, niko upande wako wa kulia!"

Jumbe akashindwa kuvumilia. Akachukua masizi, akapanda kigoda, akamtia simba macho yeye mwenyewe. Moja likawa kubwa kama kinu, la pili dogo kama choroko, na yote mawili yanatazama pua. Akaona hayajapendeza, akaongeza kope.

Afadhali asingeongeza.

Siku ikafika, wakwe wakafika. Ngoma, du-du-ndu! Wakatokeza uani kwa Jumbe, ngoma ikanyamaza.

"Jumbe," akauliza mzee wa wakwe, "huyu mnyama amemeza nini?"

Shangazi wa bwana harusi akacheka hadi akakaa chini. Mshenga wao hakucheka. Alisafisha koo. "Ndugu zangu, nyumba ambayo hata simba wake ana makengeza, si vibaya bibi harusi naye tukamtazama macho kwanza."

Uuuwi! Jasho likamtiririka Jumbe. "Mwiteni Mashavu!"

Mashavu akaja. Nyuma yake alikuja Shangazi Havijawa, na mwiko wake. Na nyuma yao, juu ya vilima, mawingu ya vuli yalikuwa yamekwisha kuweka kikao. Mashavu aliyaona. Alijua vizuri jembe linamngoja wapi.

"Mwanangu, mwanangu," Jumbe akasema, sauti imepakwa asali. "Watazame wageni hawa! Wametoka ng'ambo ya mto. Mtie simba macho, leo hii, utajulikana huko kote!"

"Usimwaibishe Jumbe, Mashavu!" watu wakapiga kelele. "Ni matone mawili tu!"

Mkono wa Mashavu ukaanza kupanda kwenye nywele, wenyewe. Ile haya yake ya siku zote, iliyomlisha upepo, ndiyo iliuinua. Akatazama huku na huku kama anayetafuta pa kushika. Akamwona Bibi Sikujua pembeni, amekaa juu ya kigoda, hasemi kitu. Anajipepea. Anajipepea kwa kifuniko cha mtungi. Fu. Fu. Fu.

Mashavu akaushusha mkono.

"Jumbe, nikishajulikana ng'ambo ya mto, wataniletea nini? Vigelegele vya ng'ambo?"

Jumbe akawageukia wazee, wazee wakatazama mawingu.

Meeee!

Watu wakageuka. Bibi harusi huyo, aliyetakiwa asionekane na mtu, hina mbichi mikononi, anamburura mbuzi kutoka zizini. "Baba! Unataka niolewe, au nizeeke na huyu simba?"

Wakwe wakapata nafasi ya kumtazama macho. Yalikuwa mazima, na yanawaka moto.

"Mchukue," Jumbe akasema, sauti ndogo kama ya inzi chupani.

"Na pishi ya mtama," akasema Mashavu.

"Na pishi ya mtama."

"Na kibaba cha kufuta makengeza!" Huyo alikuwa Shangazi Havijawa.

Mashavu akayafuta. Akachomoa brashi kwenye nywele, akachovya. Paka! Jicho. Paka! Jicho. Wakwe wakarudi nyuma. Kuku akahamisha vifaranga. Yule mbwa akapita ameinamisha kichwa, akiomba radhi kwa mkia. Lililililiii! Safari hii vigelegele vilikuwa vitamu, maana havikuwa mshahara.

Na shangazi wa bwana harusi akajifuta vumbi, akamsogelea. "Binti, mimi nataka chui. Chui ni nini kwenu?"

Aliuliza kwanza, jamani! Kabla ya kuchorewa!

Nyumbani chungu kikachemka, bwata bwata, na ndani mlikuwa na kitu. Shangazi Havijawa akala, akamtazama mbuzi, akalamba midomo.

"Hapana, shangazi," akasema Mashavu. "Huyu tutakunywa maziwa yake. Ndiye atakayetulisha siku ambazo hakuna anayeoa."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Akautundika mwiko. Mgongo wake aliukuna kwa mkono.

Mvua ikaanguka. Fooo! Mashavu akakimbia kwa Bibi Sikujua amelowa chapachapa. "Bibi! Simba wangu anayeyuka!"

"Mimi sijui," akasema Bibi, "mimi nilidhani mvua ni shangazi yako mwingine. Kila mwaka anakuja kukufagilia ukuta, upate kazi."

Mashavu akatazama mvua, akacheka. Akafuta pua. Na baada ya masika na vuli nyingi, alikuwa na zizi, na wanafunzi, na korongo zima la udongo mwekundu lililoitwa kwa jina lake.

Bibi Sikujua alipofariki, Mashavu alimchora kwenye ukuta wa nyumba yake yeye mchoraji, kifuniko mkononi, macho yote mawili wazi. Bure. Huyo peke yake. Na kila aliyekuja kuomba "katwiga kadogo tu" alikaribishwa akae pale mbele yake. Mgeni anamtazama Bibi. Bibi anamtazama mgeni. Kabla hajapita mbuzi wa pili njiani, mgeni anakohoa: "Basi, nitaleta kunde."

Mmesikia? Sifa ni chumvi. Hukoleza mboga, haiwi mboga. Anayempenda fundi hamlishi lililili.

Hadithi yangu imefika ukutani, imeishia hapo. Macho yake ninayo mimi. Anayeyataka alete kunde.