Siku Mlango wa Maji Uliposhikwa kwa Migongo

Paukwa!

— Pakawa!

Aa-aa! Huo ni mwitiko au kikohozi? Mmemaliza sufuria yangu ya muhogo, halafu sauti hakuna? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu. Sogeeni. Na wewe unayecheka huko nyuma, cheka sasa umalize, maana mbele utalia.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji. Jina lake msiniulize, hata bibi yangu aliyenipa ngano hii hakulijua. Kijiji hicho hakikuwa na barabara. Kilikuwa na mfereji. Wahenga waliuchimba kwa majembe kutoka mtoni, ukapita mashambani, ukapita mbele ya nyumba za watu. Mtu akitaka chumvi, mfereji. Akienda kuposa, mfereji. Akigombana na mkewe, anakwenda kununia wapi? Mferejini.

Na katika kijiji hicho alikuwapo Bi Dama. Mfupi, mkavu, mwenye maneno yake. Yeye ndiye aliyeshika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo cha kijiji, chombo kirefu, chembamba, chenye tumbo bapa. Jina lake Twende Sote. Kila mwaka, mpunga ukishavunwa, Bi Dama aliita safari ya kijiji kizima, kwenda juu kwa ndugu zao wa mtoni, huko mfereji ulikoanzia. Na safari hiyo ilikuwa na desturi. Mwenye miguu hapandi. Mwenye miguu anapita ukingoni, anavuta kamba. Ndani ya chombo anakaa asiyeona, anakaa mjamzito, anakaa mkongwe, anakaa ambaye miguu imemkataa.

Miguu ilikuwa imemkataa Nyamvula. Homa ilimpata, ikamwacha hai, ikaondoka na miguu yake. Miaka minne hakuvuka kizingiti. Kila safari ikiitwa alikataa, akiona haya kubebwa. Alisuka mikeka, akatazama maji yanapita. Alikuwa na dada mmoja tu duniani, Mbeyu, aliyeolewa kule juu mtoni. Mwaka huo ukaja ujumbe: Mbeyu ni mgonjwa. Hali, halali. Kila akifumbua macho anauliza, "Nyamvula hajaja?"

Nyamvula akalia. Kwa miguu kwenda mtoni ni mwendo wa siku nzima, na yeye hata mlangoni hafiki. Bi Dama akaja akasimama uani, upondo begani.

"Unalia nini?"

"Dada yangu anakufa, Mama. Nami niko hapa kama kinu."

"Kinu hakilii," akasema Bi Dama. "Kesho kutwa tunaondoka. Oga."

Basi siku ikafika. Wakambeba Nyamvula, wakamweka mbele kabisa, ambako upepo unapiga uso. Akashika ukingo wa chombo kwa mikono miwili. Akaona shamba la mume wake marehemu, akaona kisima, akaona mbuzi wa jirani, vitu vya kawaida kabisa, na machozi yakamtoka kwa furaha. Ukingoni watu wakavuta.

Kamba hoo! — Vuta!
Kamba hoo! — Vuta!
Upondo matopeni: chubwi! Chombo majini: swaaa!

Wakaenda, wakaenda, wakafika penye ngazi ya maji.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye kazi. Pale ardhi ilipanda ghafla, na chombo hakipandi mlima. Wahenga wakajenga birika la mawe lenye milango miwili ya mbao, mmoja wa chini, mmoja wa juu. Chombo kinaingia birikani kwa mlango wa chini. Unaufunga. Kisha unafungua wa juu, polepole, maji yanajaa, yanakinyanyua chombo mpaka juu, kinatoka, kinaendelea. Sheria ni moja, hata mtoto aliijua: funga nyuma kabla hujafungua mbele.

Mlinzi wa milango hiyo aliitwa Ngonyo. Mtu mzima, mchapakazi, tena mwenye moyo mkunjufu. Lakini mwaka mzima alikaa peke yake na vyura. Aliposikia nyimbo za watu wake, aliposikia ngoma, furaha ikampanda kichwani. Twende Sote ikaingia birikani. Ngonyo akakimbilia mlango wa juu. Akaufungua wote! "Karibuni! Karibuni jamaa zangu!"

Na mlango wa chini? Uko wazi.

Lo! Maji yakaja: ngurumooo! Chombo kikazunguka, kikagonga ukuta: gwaa! Asiyeona akapiga kelele, mjamzito akashika tumbo. Mlango wa chini ukapigwa na maji, ukajibamiza, mbao zake tatu zikang'oka, zikaenda zake kama hazijawahi kuajiriwa pale. Wanaume wakaruka, wakausukuma mlango wa juu, wakaufunga. Kimya. Chombo kikatulia chini birikani. Hakuna aliyeumia. Lakini mlango wa chini ulikuwa na tundu ambalo ndama angepita.

Ngonyo akakaa chini, akashika kichwa. Watu wakamgeukia. "Ngonyo, una akili wewe?" "Ngonyo, umetuua!" Mmoja akasema, "Basi, safari imekwisha. Turudi. Mbao zikipatikana, tutakuja mwakani."

Mwakani! Nyamvula akalisikia neno hilo, likamchoma. Wenzake watarudi mwakani, Mbeyu hana mwakani. Akataka kusema. Aseme nini, yeye anayebebwa? Akainamisha uso.

Bi Dama akamwona. Akashuka chomboni, akamwendea Ngonyo, akamshika mkono, akamwinua.

"Mwanangu, ulifurahi kutuona?"

"Nilifurahi, Mama," akasema Ngonyo, kamasi zinamtoka.

"Basi bado furahi. Nisaidie kung'oa mbao za sakafu ya kukanyagia chomboni mwangu."

Wakang'oa. Wakaufunga mlango wa chini, na mbao za sakafu wakaziegemeza kwenye tundu, upande wa ndani. Hazikuwa na misumari, hazikuwa na komeo. Zingeshikwa na nini? Bi Dama akazunguka nje, nyuma ya mlango, akaingia matopeni mpaka kiunoni. Akageuka. Akabandika mgongo wake mkavu kwenye zile mbao.

"Mimi mgongo wangu ni huu," akasema. "Wenu uko wapi?"

Weee! Mtu mzima vile! Nani atasimama ukingoni? Akaingia mmoja, akaingia wa pili, wakaingia kumi, wakaingia ishirini, wake kwa waume, safu baada ya safu, mgongo kwa kifua, na Ngonyo katikati. Wengine wakafungua mlango wa juu, safari hii kidogo, kidogo sana. Maji yakaanza kupanda.

Lakini mbao zile hazikukutana. Maji yakapita katikati: chururu! Yakawapiga watu visogoni, yakawaingia masikioni. Yanapanda kidogo, yanavuja mengi.

"Kuna mwanya!" wakapiga kelele. "Hatutaweza!"

Bi Dama akaita kwa sauti ile yake ya kufukuzia ndege shambani. "Nyamvula!"

"Labeka, Mama!"

"Mapajani umeweka nini?"

Mapajani Nyamvula alikuwa na mkeka. Mkeka wa rangi tatu, alioushughulikia miaka minne. Mingine yote aliiuza, huu hakuuza. Ulikuwa wa Mbeyu. Alimsukia dada yake alalie, kwa kuwa hakuweza kwenda kumwona.

"Ni wa dada yangu, Mama."

"Najua. Siamuru, naomba. Utandaze juu ya mbao huko ndani. Maji yenyewe yataushikilia. Sisi huku hatufiki. Wewe unafika."

Nyamvula akautazama mkeka wake. Moyo ukamwuma, msimwambie mtu haukumwuma. Kwa mara ya kwanza tangu homa ile, kuna mtu alimwambia: wewe unafika. Asiyeona akasukuma ukuta kwa mikono, mjamzito akashika upondo, chombo kikasogea mpaka mlangoni. Nyamvula akajinyoosha, akautandaza mkeka, akaukandamiza kwa viganja. Maji yakaunyonya: fyuu! Ukanata kwenye mbao kama chapati kwenye kikaango.

Chururu ikawa churu. Churu ikawa chu. Kisha kimya.

Kaza mgongo! — Kaza!
Kaza mgongo! — Kaza!

Maji yakapanda. Chombo kikapanda. Nyamvula akapanda nacho, akaona ukuta unashuka, akaona nyasi, akaona mfereji wa juu umelala mweupe mbele yake. Wakapiga vigelegele. Chombo kikatoka, mlango wa juu ukafungwa, na wale wa chini wakaruka pembeni. Mbao zikaanguka, maji yakatoka, mkeka ukaenda na maji. Nyamvula aliuona unakwenda.

Kamba hoo! — Vuta!

Jua likizama, wakafika mtoni. Wakambeba Nyamvula mpaka nyumbani kwa Mbeyu, wakamkalisha kitandani pake. Mbeyu alikuwa amekonda, macho tu ndiyo makubwa. Akaushika uso wa mdogo wake. Akaupapasa, akaupapasa. Ndugu hao wakalia mpaka wakacheka.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema Mbeyu, na utani wake wa utotoni ukarudi. "Haya, umeniletea nini?"

Nyamvula akainamisha kichwa. "Dada, mikono mitupu."

"Mikono mitupu? Miaka yote hiyo?"

Nyamvula akatazama mlangoni. Pale palikuwa na watu wamejazana, hawathubutu kuingia. Matope mpaka kwenye nyusi. Migongo imechubuka, wengine inatoka damu. Mbele yao kajizee kafupi kanatetemeka kwa baridi, kameegemea upondo. Hapo ndipo Nyamvula alipojua alicholeta.

"Nimekuletea hawa," akasema. "Hawa wote, dada. Ndio walionifikisha."

Mbeyu akawatazama mmoja mmoja, hakuruka hata mmoja. Kisha akasema, "Waingie."

"Tutachafua nyumba, mama," akasema Ngonyo.

"Ingieni, nimesema!"

Wakaingia. Nyumba ikajaa matope, ukutani matope, kitandani matope. Mbeyu hakuwahi kupona, nisiwadanganye. Aliishi miezi miwili, Nyamvula yuko ubavuni pake, na katika miezi hiyo alimkataza kila aliyeshika ufagio. Alisema, "Yaacheni. Nikifumbua macho usiku, nataka kuyaona."

Bi Dama naye alikufa mzee sana, na mpaka leo watu wa mfereji ule wakimkumbuka hujigusa mgongo. Anayebebwa naye ana cha kutoa, wenzangu, ila anamsubiri nani amwombe? Mwombeni. Na ukifikishwa, washukuru waliokufikisha wangali mlangoni, wangali na matope yao.

Ngano yangu nimeifunga kamba hapa ukingoni. Anayetaka kuifungua, aifungue kesho kwa watoto wake.