Kiboko Aliyejaa Masizi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Palikuwa na chungu!"

"Chungu cha nini?"

"Cha mafuta ya ufuta!"

"Nani kakikalia?"

"Mwenye tumbo!"

Haya, kaeni vizuri. Na wewe hapo nyuma, acha kuyakodolea macho maandazi yangu, nakuona.

Hapo kale wanyama walikuwa na desturi yao. Ufuta ukishavunwa, kila nyumba ilileta kikapu chake, wakakamua pamoja, wakajaza chungu kimoja kikubwa cha kula wakati wa masika. Mlinzi wake alikuwa Kiboko. Walimchagua kwa sababu akishakaa juu ya kifuniko, nani atamnyanyua? Hawakufikiria kwamba naye ana mdomo.

Kiboko akalinda. Asubuhi lamba moja ya kupima, lamba moja ya kuhakikisha. Jioni lamba moja ya kupima, lamba moja ya kuhakikisha. Akavimba, akavimba, mpaka magoti yakaanza kulia: kwi! kwi!

Masika yakaingia. Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alikuwa na watoto sita shimoni, na wote wanalia njaa. Akaenda mbio, tiki-tiki-tiki.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba, kidude. Unataka nini?"

"Fungu langu la mafuta. Wanangu hawajala tangu juzi."

"Fungu lako limo tumboni mwangu. Lifuate."

Sange aliumia moyo, karibu alie. Lakini akaona kitu: Kiboko anajitazama dimbwini, anahesabu makunyanzi ya shingoni.

"Nayanyoosha haya," Kiboko akasema. "Nikijaza mafuta ndani, ngozi itatanuka, uzee utakwisha."

"Yallah!" Sange akashika kichwa. "Kwani hujui habari ya vijumba?"

"Vijumba gani?"

Sange mwenyewe hakujua vijumba gani. Akatunga papo hapo. "Mwili wako, Bwana, umejengwa kwa vijumba vidogo vidogo, vingi kuliko mchanga. Kila kijumba kina mafiga matatu na moto wake, na mafuta ndiyo kuni. Wewe umerundika kuni mpaka mlangoni! Moto hauwaki, unafuka tu. Moshi umepaka ukuta masizi. Masizi hayo ndiyo uzee."

"Nani kakwambia?"

"Babu yangu. Alikuwa mdogo sana, aliingia akaona."

Kiboko akaingiwa na hofu kweli kweli. "Dawa yake?"

"Zunguka kilima kile mara saba kila siku, kwa siku saba, huku unaimba. Na usiguse mafuta mpaka jua la siku ya saba lizame."

"Na chungu?"

"Nitakikalia mimi, Bwana. Uzito nitautafuta."

Basi Kiboko akaondoka, tindi! tindi! tindi!, anaimba:

"Waka, jiko! Toka, moshi!"

Kilima kikatetemeka. Ndege wakahama.

Sange huku nyuma akabeba mafuta kwa gamba la konokono, akawapelekea wanawe. Nyam, nyam! Wakashiba, wakalala. Furaha iliyoje! Kisha akarudi kulinda. Si ameahidi? Lamba moja ya kupima. Lamba moja ya kuhakikisha.

Siku ya pili, tindi! tindi! "Waka, jiko! Toka, moshi!" Na chunguni, lamba moja ya kupima, lamba moja ya kuhakikisha.

Ikawa hivyo mpaka siku ya saba. Kiboko akarudi mbio, mwili mwepesi, shingo inang'aa, magoti kimya kabisa. Akafunua chungu. Kitupu!

"Sange!"

Sange alikuwa ameshakimbilia shimoni kwake. Akaingiza pua. Akaingiza kichwa. Tumbo likagoma mlangoni. Akasukuma, ngh! Magoti yake yakalia: kwi! kwi! Na ndevu zake zilikuwa zimeota mvi.

"Mama, uko wapi?" watoto wakaita kutoka ndani. "Huyu bibi kizee ni nani?"

Sange akajua leo anakufa. Kiboko akamtoa kwa mkia, pwap!, akamtazama, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mganga wangu! Kumbe ulisema kweli! Umejaa masizi wewe! Sikuui. Zunguka kilima."

"Mara saba, Bwana?"

"Wewe, mpaka nikwambie basi."

Akazunguka, tiki-tiki-tiki, "Waka, jiko! Toka, moshi!" Akakonda, akarudia ujana, akaingia shimoni kwa wanawe. Lakini Kiboko alikuwa ameingia mtoni kuogelea, akasahau kusema basi. Ndiyo maana mpaka leo sange hatulii: anakimbia, anakimbia, na pua inahema.

Fundisho lake, wanangu: msiseme uongo ovyo, kwa sababu siku moja utatokea kuwa kweli, na utawapata ninyi wenyewe. Pia, anayewaibia chakula mshukuruni, anawaongezea umri.

Hadithi imefika mwisho. Ikinoga, imetunogea sote. Ikichacha, nimeichachisha mimi. Sasa nipisheni nimalize maandazi yangu.

Hayo magoti yanayolia si yangu. Ni kigoda.