Chelezo Kilichomkimbia Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima mashamba na kupelekana barazani, Digidigi mmoja aliishi ukingoni mwa mto. Nasema digidigi, wala si paa wala swala, watu huwachanganya. Digidigi ni yule mdogo, miguu kama vijiti, mwenye doa jeusi pembeni mwa jicho. Huyu wetu alikuwa mjane mwenye watoto wawili, na chakula chao cha mwaka mzima kilitoka katika shamba moja la kunde.

Siku tatu kabla ya kuchuma, Nyati akaja akasimama katikati ya matuta, kacha-kacha, mashina yakivunjika chini ya kwato zake.

"Bi Digidigi, kunde zako zimestawi."

"Nashukuru, Mzee Nyati. Zingestawi zaidi kama usingesimama juu yake."

"Nasimama kwangu. Hapa ndipo baba yangu alipokuwa akigaagaa topeni. Kesho kutwa nahamia."

"Na wanangu watakula nini?"

"Waulize wenyewe. Midomo wanayo."

Digidigi akaenda kwa Korongo, yule mwenye mfuko shingoni, aliyekuwa karani wa baraza la mto.

"Kesi ya shamba la ukingoni huamuliwa kwa shindano," alisema Korongo. "Anayelima huchagua shindano. Anayedai huchagua atajaribu mara ngapi. Akishindwa, haruhusiwi kudai tena."

"Basi nachagua kuruka kutoka kwenye chelezo changu mpaka nchi kavu. Atakayelowa ameshindwa."

Nyati alipopata habari, alicheka mpaka inzi wakamtoka mgongoni. "Kuruka? Mimi naruka mitaro inayoweza kumeza nyumba yake. Andika mara tatu, Karani, asije akasema nilibahatisha."

Chelezo chenyewe kilikuwa mabunda ya matete yaliyofungwa pamoja yakaelea. Digidigi alikitumia kuvushia matete ya kuezekea. Katika kazi hiyo alikuwa ameona jambo moja: kikiwa na mzigo, aliporuka kutoka juu yake kilitulia; kikiwa kitupu, kilirudi nyuma, na mara mbili kilimwacha majini. Jambo hilo hakumwambia mtu.

Siku ya shindano wakapanda wote wawili. Maji yalikuwa yametulia. Korongo akapima kutoka ukingo wa chelezo hadi mchangani, urefu wa mabawa yake mawili yaliyokunjuliwa, kisha akafungua kamba iliyokishikilia ukingoni.

"Mwenyeji huanza," alisema Digidigi. "Wewe Mzee tulia hapo, utazame."

"Anza. Ukizama nitakuokota."

Digidigi akakunja miguu, akaruka, pu, akatua mchangani. Chelezo, kwa uzito wa Nyati, hakikutikisika. Korongo akamtazama kwato zote nne. "Kavu," akasema, akaandika.

Zamu ya Nyati. Akajikunja, akakikanyaga chelezo kwa miguu ya nyuma. Shwaa, chelezo kikaenda huku, Nyati akaenda kule, lakini si mbali. Chubwi.

"Kuna mtu amekivuta," alisema, maji yakimtoka puani.

"Nyuma hapakuwa na mtu," alisema Korongo. "Nimetazama."

"Basi sikutia nguvu."

Chelezo kikarudishwa, kipimo kikapimwa upya. Safari hii Nyati akatia nguvu zote. Chelezo kilirushwa hadi katikati ya mto, naye kwato zake za mbele zikagusa mchanga. Ila makalio yalibaki majini.

"Makalio yamelowa," alisema Korongo. "Moja imebaki."

Digidigi aliona wazi kwamba mrefu kama huyu, akijaribu tena vilevile, huenda akafika. Akawafikiria watoto wake, kisha akasema kama mtu anayesikitika:

"Mzee Nyati, nakuonea haya. Kuruka umesimama ni kuruka kwa sisi wadogo. Mkubwa mwenye kifua chake hutimua mbio kwanza."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Nilidhani mbio huziwezi."

"Mimi? Karani, kanuni inakataza mbio?"

Korongo akafunua kitabu. "Haikatazi."

Nyati akaenda nyuma kabisa ya chelezo, akapuliza pua, akatimua mbio. Ti-ti-ti-ti. Kila hatua aliyopiga kuelekea ukingoni ilikisukuma chelezo kuelekea ng'ambo. Alikimbia kwa bidii, na mchanga ukazidi kuwa mbali. Alipofika mwisho wa matete na kuruka, kipimo cha Korongo kilikuwa kimezidi maradufu.

Chubwi. Zikabaki pembe tu juu ya maji.

Alitokea ng'ambo, kwa kuwa huko hakukuwa na wa kumcheka, akaenda zake bila kuaga. Watoto wa Digidigi walikuwa wamekwisha kuanza kuinua mashina yaliyovunjwa.

Korongo alibaki na kalamu mkononi. "Bi Digidigi, niambie kwa usahihi. Kama angeanza yeye, nawe ukaruka mwisho, peke yako?"

"Chelezo kingerudi nyuma kwangu pia, Bwana Karani. Kidogo, kwa sababu mimi ni mwepesi. Lakini pengine ningelowa ukwato mmoja."

"Kwa hiyo alikushikia chelezo mwenyewe."

"Kanuni haikusema nani aanze."

Korongo akausoma tena ukurasa wake. "Haikusema," akasema, akafunga kitabu.

Basi, wajukuu: unachokisukuma kwa mguu nacho hukusukuma wewe, kwa hiyo kabla ya kuruka tazama unapokanyaga.